Thamani ya Nyumba Isiwe Mizani ya Elimu

Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri alipewa taarifa ya Kimarekani iliyohusu wapiga kura walioulizwa iwapo wako radhi kutozwa zaidi kwa nyumba na mashamba yao ili shule za umma zipate fedha. Akaandika "kodi ya nyumba". Darasa zima likaangua kicheko, kwani kwetu kodi ya nyumba ni ile idaiwayo na mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Mimi sikumlaumu. Wazee wetu waliotozwa na Mwingereza kodi ya kibanda wangalimwelewa mara moja. Lugha yetu imelitwika neno moja deni la mpangaji na deni la raia. (Ushuru nao, tuliouchukua kutoka Kiarabu, asili yake ni fungu la kumi.)

Utaratibu wenyewe ulinishughulisha kuliko msamiati. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, wilaya ya shule ina bodi yake iliyochaguliwa na wakazi, na bodi hiyo ikitaka kupandisha kodi ya mali sharti irudi kwa wapiga kura. Nakiri kwamba jambo hili lina mvuto. Hapa kwetu mzazi huitwa mkutanoni kuelezwa, wala si kuulizwa, kwamba basi la shule linahitaji kiasi fulani. Asiyelipa, mwanawe hurudishwa nyumbani.

Lakini hebu tutazame mji wa San Antonio, Texas. Mnamo 1968 wazazi wa wilaya ya Edgewood, wengi wao wenye asili ya Mexico, walikwenda mahakamani. Walikuwa wakijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, na jasho hilo lote likizaa dola 26 kwa kila mwanafunzi. Jirani zao matajiri wa Alamo Heights walijitoza senti 85 tu, wakapata dola 333. Aliyejinyima zaidi ndiye aliyevuna haba, kwa sababu nyumba yake ilikuwa duni. Mnamo 1973 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba katiba ya nchi haikuvunjwa.

Na kura yenyewe inaweza kugeuka kitanzi. Huko Kalkaska, Michigan, wapiga kura walikataa nyongeza mara kadhaa, na Machi 1993 shule zikafungwa wiki nyingi kabla ya muhula kwisha. Mwaka uliofuata wananchi wa jimbo hilo waliidhinisha kodi ya mauzo ipandishwe kutoka asilimia 4 hadi 6, na jimbo likabeba sehemu kubwa ya mzigo uliokuwa wa kodi ya mali.

Nimewahi kumsikia mwalimu mwenzangu akidai kwamba kaunti zetu zifuate mkondo wa Edgewood na Alamo Heights, maadamu Katiba ya 2010 imezipa mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Katiba hiyohiyo imeziachia kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si shule za msingi wala sekondari. Isitoshe, Nairobi ina maghorofa. Turkana ina ardhi pana ya jamii. Ni nini kitakachotathminiwa huko? Tulishaonja haya wakati wa harambee: palipostawi kahawa na chai madarasa yalichipuka, wafugaji wakabaki chini ya mti.

Kwa hiyo nashikilia kwamba fedha zitoke katika hazina ya taifa kwa idadi ya vichwa. Serikali ilipopandisha mgao wa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa hadi shilingi 22,244 mnamo 2018, kiasi hicho kilikuwa kimoja Lodwar na Kiambu. Malalamiko kwamba hufika umechelewa au umepunguzwa ni ya haki, ila dawa yake ni kuidai serikali, si kumgeukia jirani mwenye kibanda.

Ninachotamani tuazime kwa Wamarekani ni karatasi ya kura. Mwalimu mkuu anayetaka basi aandike bei yake ubaoni, pamoja na mgao aliopokea muhula huo, kisha wazazi wapige kura ya siri. Wakikataa, basi lisinunuliwe, na mtoto abaki darasani.