Fahamu: Kwa nini kibodi huchelewa kuitika unapocheza gemu

Umebonyeza kitufe cha kuruka, lakini mhusika wako anaruka akiwa ameshapigwa risasi. Kabla ya kununua kibodi mpya, tafuta kwanza ucheleweshaji unatokea wapi.

Andika nje ya gemu. Herufi zikichelewa hata hapo, kagua kibodi na Windows. Kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 kunaweza kuwasha Filter Keys, ambayo hupuuza mibonyezo ya haraka. Izime kwenye mipangilio. Kibodi isiyo na waya ichaji, au uchomeke waya.

Herufi zikitokea papo hapo, chunguza picha. Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7 hivi, na V-Sync huifanya picha isubiri zamu yake. Zima V-Sync, punguza ubora wa picha, na kwenye televisheni washa hali ya gemu.

Gemu za mtandaoni pekee zikisumbua, kagua intaneti.

Kibodi ya USB inayoripoti mara 125 kwa sekunde hutuma taarifa kila milisekunde 8. Ikiwa nzima, si rahisi iwe chanzo cha ucheleweshaji unaouona kwa macho. Tunza fedha zako mpaka vipimo hivi vikamilike.