Wewe ni Kibarua au ni Mwana?

Ndugu wasomaji, kuna maneno matatu ambayo hapa kwetu Bariadi tunayasikia kila Jumapili, na jirani zetu Wasabato wanayasikia kila Jumamosi. Maneno hayo ni imani, neema na mtoto wa Mungu. Tunayasikia kanisani, tunayasikia msibani, tunayasikia redioni. Tumeyazoea kabisa. Lakini mtu akituuliza, "Haya, neema maana yake ni nini?" wengi wetu tunainamisha kichwa.

Leo tutayaeleza maneno hayo kwa lugha nyepesi. Wasomaji wasio Wakristo nao wasipite. Ni vizuri kujua jirani yako anaamini nini. Tena mtaona kwamba maneno haya yana kazi kubwa katika vijiji vyetu. Yakieleweka vibaya, watu wanapoteza mali. Wengine wamepoteza hata maisha.

Maneno haya si mageni kwetu

Habari hizi zilifika Usukuma zamani. Wamisionari Waingereza walianza kazi Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, kabla ya mwaka 1900. Siku hizi Nassa iko katika Wilaya ya Busega, mkoa wetu wa Simiyu. Mwaka 1909 kazi hiyo ya Nassa ilichukuliwa na Africa Inland Mission. Kutokana na misheni hiyo limekua Kanisa la Africa Inland, ambalo wengi wetu tunaliita AIC. Wasabato nao walifika Ntuzu na Kanadi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza iliyoanza mwaka 1914. Jimbo Katoliki la Shinyanga likaanzishwa mwaka 1956. Baadaye yakaja na makanisa mengine.

Basi babu zetu waliyasikia maneno haya. Sisi tuna bahati moja zaidi: tumejifunza kusoma. Tunaweza kufungua Biblia wenyewe na kutazama, bila kungoja mtu atusimulie.

Baba na wana wawili

Ukitaka kuelewa neema, fungua Injili ya Luka, sura ya 15. Hapo Yesu anasimulia habari ya baba mwenye wana wawili. Tutaieleza kwa maneno yetu.

Yule mdogo alimwendea baba yake akadai sehemu yake ya urithi. Baba bado yu hai! Hapa kwetu kijana akimwambia baba yake, "Nipe ng'ombe zangu sasa, sitangoja ufe," wazee watasema nini? Wataona ni laana. Lakini baba yule aligawa mali. Kijana akaiuza, akaenda nchi ya mbali, akatapanya yote. Ikaja njaa. Akapata kazi ya kuchunga nguruwe, na chakula chao kikawa kinamtamanisha.

Hapo akapata akili. Akapanga maneno ya kumwambia baba yake. Alitaka kuungama kwamba amekosa, na kwamba hastahili tena kuitwa mwana. Alitaka kuomba kazi: awe kama mmoja wa vibarua wa pale nyumbani.

Sasa angalieni sana. Kijana aliomba ukibarua. Baba alikataa kumpa ukibarua. Alimwona kwa mbali, akakimbia, akamkumbatia. Mzee mzima, anakimbia! Akamvalisha nguo nzuri, pete na viatu, akachinja ndama aliyenona. Hakumwambia, "Kwanza ulime miaka mitatu, ndipo tutaona." Alimpokea kama mwana siku ile ile, angali ananuka nguruwe.

Hiyo ndiyo neema.

Neema haipimwi kwa mizani

Tuseme umevuna pamba yako. Umeipeleka kwenye chama cha ushirika. Karani anaweka mzigo juu ya mizani, anasoma kilo, anaandika. Kilo zako ndizo fedha zako. Je, hiyo ni neema? Hapana, ni haki yako. Karani akikupunja utapiga kelele, na utakuwa na sababu.

Lakini mvua je? Nani kati yetu aliwahi kuilipia mvua? Nani aliipima? Inanyesha shamba la mwema na shamba la mwovu, kama Yesu mwenyewe alivyosema. Mkulima wa Bariadi anajua vizuri kwamba akilima bila mvua hapati kitu, na mvua yenyewe hawezi kuifanya. Anapewa tu. Akipewa anasema, "Wabeja!"

Basi, neema ni wema wa Mungu anaoutoa bure kwa mtu asiyestahili. Mshahara hulipwa kwa kazi. Neema hutolewa kwa upendo.

Imani ni kumwegemea Mungu

Na imani je? Wengine wanadhani imani ni kukaza moyo sana, kufumba macho na kupiga kelele mpaka Mungu asikie. Tazameni mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni na mama yake. Mama anakwenda kisimani, anainama, anachota maji, anarudi. Mtoto amelala. Je, mtoto ameshikilia kwa mikono yake? Hapana, kanga ndiyo iliyomshika. Yeye ameegemea tu.

Imani ni kumwegemea Mungu namna hiyo. Nguvu haiko katika imani yetu, iko kwa yule anayetubeba. Ndiyo maana hata mtu mwenye imani ndogo asikate tamaa. Mtoto mnyonge na mtoto mwenye nguvu wote wawili hufika nyumbani, kwa sababu mama ndiye anayetembea.

Kufanywa mwana

Sasa tuje kwenye neno la tatu. Kwa Kisukuma, mwana huitwa ng'wana. Kila mtu Usukuma amesikia jina la Ng'wana Malundi, maana yake mwana wa Malundi. Ukifika kijiji cha ugenini, wazee watataka kujua wewe ni mwana wa nani. Wakishajua, wanajua pa kukuweka.

Katika mila zetu za zamani, ng'ombe ndizo zilizoamua mtoto ni wa nani. Mahari ikilipwa, watoto walihesabiwa upande wa baba. Isipolipwa, mtoto alihesabiwa kwa wajomba, na baba aliyemtaka alipaswa kutoa mali. Kwa sababu hiyo wengi wetu tunadhani na kwa Mungu ni vile vile: kwamba lazima tutoe kitu kwanza ndipo tuhesabiwe.

Mtume Paulo alikutana na mawazo ya namna hiyo. Wakristo wa Galatia waliambiwa kwamba imani haitoshi, mpaka watahiriwe kwanza na kuishika sheria ya Wayahudi. Paulo alikasirika, akawaandikia barua. Soma Wagalatia sura ya 3 na ya 4. Anaeleza kwamba Mungu amewafanya kuwa wana. Mfano wake ni wa kuasili, yaani mtu kumchukua mtoto asiyemzaa na kumfanya wake. Katika sheria ya Warumi wa siku zile, mwana wa kuasiliwa alichukua jina la baba mpya na kuwa mrithi wake kamili. Hata hapa Tanzania, mahakama ikiisha kuamuru kwamba mtoto ameasiliwa, huhesabiwa kama mtoto aliyezaliwa na wazazi hao.

Na je, mtoto anayeasiliwa hulipa nini? Halipi kitu. Anayelipa gharama ni yule anayemchukua. Wakristo wanaamini kwamba gharama hiyo ililipwa na Yesu Kristo msalabani.

Paulo anaongeza kwamba mbele ya Mungu mwanamume na mwanamke ni sawa. Akina mama, sikilizeni hilo. Mara nyingi urithi ukigawanywa, binti anaachwa nyuma. Kwa Mungu, binti ni mrithi sawasawa na kaka yake.

Je, basi tukae tu?

Mtu atauliza, "Kama ni bure, si tutende tunavyotaka?" Swali hili ni la zamani. Hata Paulo aliulizwa.

Jibu ni hili. Katika shamba moja wanaweza kulima kibarua na mwana. Jembe ni lile lile, jua ni lile lile. Lakini kibarua analima ili alipwe, na jioni anakwenda zake. Mwana analima kwa sababu shamba ni la kwao. Halimi ili awe mwana. Analima kwa kuwa ni mwana. Na mwana anayempenda baba yake hawezi kuliacha shamba liote magugu.

Hivyo matendo mema yapo, tena ni lazima yaonekane. Lakini yanafuata neema, hayainunui. Katika Ulaya jambo hili lilileta ugomvi mkubwa tangu mwaka 1517, wakati wa Martin Luther. Wakristo waligawanyika. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja. Walikubaliana kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema, kwa njia ya imani katika Kristo, si kwa sababu ya sifa zake, na kwamba akiisha kupokelewa anaitwa kutenda mema.

Tujihadhari na wanaouza neema

Kama neema ni bure, mtu anayekuuzia anakuuzia nini? Siku hizi wapo wanaouza mafuta, maji na vitambaa, eti ukinunua utapona, utapata mume, ng'ombe zitazaa. Mtu anauza mbuzi wake wa mwisho ili anunue chupa ya maji. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika ibada, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walitafuta baraka, wakapata mauti.

Sadaka ni jambo jema. Mwana huleta zawadi kwa baba yake. Lakini sadaka si bei. Mtu akikwambia kwamba bila fedha Mungu hatakusikia, ujue anataka kukurudisha kwenye ukibarua.

Huyu ni ndugu yako

Ile habari ya Luka haikuishia kwenye karamu. Kaka mkubwa alitoka shambani, akasikia ngoma, akakasirika, akakataa kuingia. Alihesabu miaka aliyomtumikia baba yake, akanung'unika kwamba hakupewa hata mwana-mbuzi. Kumbe naye, ingawa alikaa nyumbani, moyoni alikuwa kibarua! Tena hakutaka hata kumwita yule mwingine ndugu. Alimtaja kama mwana wa baba yake tu. Baba akamkumbusha kwamba aliyerudi ni ndugu yake.

Hapa ndipo jambo lenyewe linapotugusa sisi wa Simiyu. Ukisema Mungu ni baba yako, umekubali kwamba wengine ni ndugu zako. Hupewi nafasi ya kuchagua.

Tunakumbuka yaliyotokea katika nchi yetu. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1970, vikongwe wa Usukuma wameuawa kwa mapanga wakiitwa wachawi, kwa sababu macho yao ni mekundu. Lakini macho hayo yaliharibiwa na moshi! Bibi amepika miaka hamsini kwa kuni, kwa samadi na kwa vijiti vya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Alikuwa akitupikia sisi. Halafu, kuanzia mwaka 2007, mauaji ya watu wenye ualbino yakaenea Kanda ya Ziwa. Bariadi haikuwa nje. Mwaka 2009 kesi ya mauaji ya namna hiyo yaliyotokea wilayani kwetu ilisikilizwa na Mahakama Kuu, Shinyanga. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, maana wengi wa waliouawa walianza kuhukumiwa kwenye ramli.

Ualbino hurithiwa kwa baba na mama, hata kama wao wenyewe ni weusi. Mwili haupati rangi ya kutosha. Hakuna laana hapo, wala hakuna utajiri katika viungo vya mtu. Siku moja wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu alijibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Habari hiyo iko katika Yohana sura ya 9.

Kadhalika mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Tusimwite majina mabaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Na Mkristo ana sababu nyingine zaidi: yeye mwenyewe amepokelewa bila kustahili. Atamkatazaje mwingine mlango?

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mtu akihofia ugonjwa aende zahanati. Akisikia watu wananong'ona juu ya bibi fulani, asinyamaze. Amwambie mwenyekiti wa kijiji au polisi mapema, kabla ya usiku kuingia. Kumwita mtu mchawi ni kosa kwa sheria. Na kwa mtu anayejiita mtoto wa Mungu, ni kumkana ndugu yake mbele ya baba yao.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi

1. Kwa nini baba hakumpa mwanawe kazi ya ukibarua?
2. Kibarua na mwana wanalima shamba moja. Tofauti yao ni nini?
3. Je, kijijini kwetu kuna mtu ambaye hatumwiti ndugu? Tutafanya nini juu yake wiki hii?