Ndai ya Stima: Hesabu Yenye Muuzaji Hakuambiangi Kabla Ununue Nissan Leaf

Hiyo video umeshaiona. Msee ako ndani ya Nissan Leaf, kioo chini, anapita stesheni ya mafuta polepole akiwapungia mkono walio kwa laini. Anasema bei ya petroli alishaisahau. Komenti ni moto tupu, na katikati ya huo moto kuna mmoja anauliza kitu ya maana: "Buda, hiyo unachajia wapi?" Hajajibiwa mpaka leo.

Wacha tumjibu sisi. Ukitoa makelele yote ya mtandaoni, kama ndai ya stima itakuokolea doh ama itakumaliza inategemea sana mahali unalala. Gari lenyewe linafuata baadaye.

Toa simu kwanza. Fungua ile SMS ya mwisho ya tokeni kutoka Kenya Power. Chukua pesa ulilipa, gawanya na uniti ulipewa. Hiyo ndio bei yako halisi ya stima, ushuru na makato yote yakiwa ndani. Kama kwenu mnatumia kidogo, utapata ishirini na kitu. Kama nyumba inapitisha uniti 100 kwa mwezi, inakaribia 30 bob. Tutumie 30 ndio tusijidanganye.

Leaf ya kuzunguka mjini inakupa kama kilomita 6 kwa uniti moja, ukihesabu pia stima yenye hupotea ikichaji. Kwa hivyo kilomita moja ni 5 bob. Sasa weka Vitz ya 1300 kando yake. Kwa hii jam yetu, ikikupa kilomita 13 kwa lita, shukuru. Petroli hapa Nairobi mwaka wa 2025 ilikuwa ikicheza kati ya 174 na 187, na wale wa kukumbuka wanajua Oktoba 2023 ilifika 217. Tuseme 180. Kilomita moja inakula karibu 14 bob.

Sasa wewe unaishi Syokimau na unafanya kazi tao. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40, siku 25 kwa mwezi, jumla kilomita 1,000. Vitz itakunywa kama 13,800. Leaf itakunywa 5,000. Tofauti ni 8,800 kila mwezi, na kwa mwaka unapita laki moja. Hapo ndio muuzaji huachia hesabu, anakupa chai, anatafuta kalamu ya kusaini.

Usisaini. Kuna vitu tatu hajataja.

Ya kwanza ni ndogo lakini inaumanga roho. Kenya Power hukuweka kwa kiwango kulingana na wastani wa miezi yako mitatu iliyopita. Ukiwa chini ya uniti 100, bei yako ni ya chini. Sasa ile ndai inaleta uniti 167 kila mwezi peke yake, na inakurusha kiwango cha juu. Shida ni kwamba haikurushi peke yake. Inaenda na friji, TV, pasi na ile kero yako ya kuchemsha maji ya kuoga. Uniti zote za nyumba zinaanza kulipiwa bei ya juu. Kama mlikuwa mnatumia uniti 60, ni kama 300 bob zaidi kwa mwezi. Haiui mtu, ila kama mita ni moja na mnagawana na mabeshte wa keja, mtaongea hiyo maneno siku moja, na haitakuwa maongezi tamu.

Utasikia pia watu wakisema kuna bei spesheli ya stima ya magari. Ni kweli, iko. Tangu 2023 EPRA iliweka 16 bob kwa uniti, na 8 bob saa zile watu wamelala, kabla ya makato. Lakini hiyo inataka mita yake ya kando na matumizi makubwa. Ilipangiwa sana wenye mabasi, boda nyingi na stesheni za kuchaji. Wewe na Leaf yako moja, endelea tu kuhesabu na 30.

Maneno ya soketi

Hii ya pili ndio kubwa. Watu wengi wa rika letu wako kwa ploti ama ghorofa ya kukodi. Keja iko floo ya nne, parking iko chini, na kwa parking hakuna soketi. Ikiwepo, ni ya keateka ya kuchaji simu na kusikiza redio. Utamwambia landilodi nini?

Ukweli ni kwamba ukiongea naye vizuri anaweza kukubali, lakini ongea naye kabla ya kununua. Mwambie unataka fundi wa stima mwenye leseni avute waya yake kutoka kwa bodi hadi penye unaegesha, na breka yake peke yake, na mita ndogo ya kusoma umetumia uniti ngapi. Wewe ndio utagharamia. Hapo ataelewa, kwa sababu uoga wake ni mbili tu: umwibie stima, ama umchomee nyumba.

Na huo uoga wa pili sio upuzi. Leaf ikichaji kwa soketi ya kawaida inavuta kama ampea 10 bila kupumzika, masaa na masaa. Birika la stima huvuta hivyo pia, lakini kwa dakika nne. Ile ekstensheni ya mia tatu ya duka la mtaa, ikiwa imekunjwa kama nyoka chini ya gari, itapata moto hadi plastiki ianze kunuka. Usiwahi. Na usishangae pia ukichomeka kebo ikakataa kabisa, taa ikawaka ya kukukasirikia. Mara nyingi ni arthi haiko kwa hiyo soketi. Ile kebo inaangalia hiyo kitu kabla ipitishe stima, na nyumba kibao hapa zilijengwa arthi ikiwa kwa ramani tu.

Ukiwa na soketi safi nyumbani, maisha ni rahisi kuliko watu hufikiria. Haujazi betri yote kila siku. Zile kilomita 40 ulitumia zinarudi kwa masaa matatu hivi. Unachomeka saa nne usiku, unalala, asubuhi iko tayari. Stima ikipotea usiku mmoja, bado uko na ya kwenda kazi kama hukungoja ifike sifuri. Lakini kumbuka Agosti 2023, nchi karibu yote ilikaa giza usiku hadi kesho yake. Wenye huchaji ikibaki asilimia kumi walijifunza siku hiyo.

Ukikosa soketi nyumbani, hesabu yote inageuka. Stesheni za kuchaji ziko, hasa kwa mall, lakini huwezi pata stima kwa bei ya nyumbani. Ukilipa mara mbili, yaani 60 kwa uniti, ile 5,000 yako inakuwa 10,000. Umebaki kuokoa 3,800, na umelipa na masaa yako ukikaa kwa foodcourt ukinunua chips hukuwa na njaa yake. Toa bei ya chips hapo. Kuna na plagi pia: Leaf inatumia CHAdeMO kwa kuchaji haraka, na magari mengi mapya ya stima yanayoingia yako na plagi tofauti. Unaweza fika stesheni ukapata chaja iko, stima iko, na mdomo haungiani. Piga simu kwanza.

Kwa maoni yangu hii ndio sababu boda za stima zimeshika haraka kuliko magari. Mtu wa Ampersand ama Spiro anabadilisha betri tupu na iliyojaa, anaenda. Haulizi keateka kitu.

Betri, sasa

Ya tatu ni umri wa betri, na hapa ndio watu huchomeka. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, na hapa Nairobi wengi tuliijua 2018 kupitia teksi za NopeaRide, zenye zilifunga 2022. Zile za kwanza ziko na betri ya kWh 24, baadaye 30. Toleo la pili lilikuja na 40. Kenya haikubali mtumba uliopita miaka 8, kwa hivyo lile umbo la kwanza, lenye macho kama chura, halitoki tena Japan kuja hapa. Ukiona linauzwa kwa bei ya kuvutia, limeshakaa hapa miaka, na betri yake imekaa nalo.

Kwa nini hiyo ni noma? Betri ya Leaf haina mfumo wa kujipoza kama magari mengi ya stima. Hewa tu. Watu wa Arizona kule Marekani walilia kuhusu hii kitu tangu 2012, betri zilikuwa zinachoka mapema na jua la huko, hadi Nissan ikaongeza waranti ya uwezo wa betri. Nairobi hewa yetu ni ya upole, hatuna baridi ya theluji wala joto la jangwa. Mombasa ni story ingine. Leaf yenye imeishi Mombasa ikilala juani, iangalie mara mbili.

Kuangalia sio ngumu. Kwa dashi, kando ya kipimo cha chaji, kuna vijiti 12 vidogo. Hivyo ni afya ya betri, sio chaji. Cha kwanza huzima betri ikipoteza kama asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja ni kama 6. Ukipata 8 vimebaki, theluthi moja ya betri imeshaenda. Leaf ya 24 ikiwa mpya ilikuwa inaenda kama kilomita 120 hadi 135. Ikichoka hadi asilimia 70, hesabu kama 85. Syokimau hadi tao bado unatoboa bila presha. Nakuru, kilomita 160, sahau. Na ule mlima wa kurudi kutoka Naivasha usijaribu nao kiburi.

Lakini vijiti pia huongopa. Kuna wajanja wanafuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijiti vyote 12 vinawaka kama gari jipya, halafu baada ya wiki kadhaa vinaanza kuanguka wewe ukiwa umeshalipa. Kwa hivyo nunua kile kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth, weka app ya LeafSpy kwa simu, usome afya ya betri na kama seli zote ziko sawa. Kisha liendeshe. Lijazwe, utoke nalo kilomita 40 za ukweli, uone limekula asilimia ngapi. Muuzaji akikataa hiyo safari, amekujibu.

Na mchezo wake barabarani ni kinyume cha petroli. Kwa jam, Vitz inaendelea kunywa ikiwa imesimama. Leaf ikisimama haili karibu chochote, na ukikanyaga breki inarudisha stima kidogo kwa betri. Lakini panda Expressway ama Thika Road ukimbize 100, utaona asilimia zikishuka kama data ya siku. Tulia kwa 80, utafika mbali zaidi.

Service ndio raha yenyewe. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi za kuwasha, hakuna timing belt. Pedi za breki zinakaa sana. Lakini shoka, bushi, boljoint na tairi ziko palepale, na mashimo ya barabara zetu hayajali kama unatumia stima. Ile betri ndogo ya volti 12 bado iko pia, na ikifa gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa. Fundi wa mtaa anaweza kukufanyia chini ya gari yote bila shida. Akianza kugusa waya za rangi ya machungwa, mtoe hapo mbio. Hizo zinabeba volti karibu 400, haziulizi jina.

Kama ni ya Japan, jiandae pia na skrini ya Kijapani yenye inakusalimia kila asubuhi, na redio yenye inaishia kwa 90. Na kebo ya kuchaji ifungie vizuri. Kwa ploti zingine ni kitu inaweza ota miguu usiku.

Sasa rudia ile hesabu ukiwa na haya yote. Kwa ile 8,800, toa 300 ya kupanda kiwango. Toa thao tatu kila mwezi uweke kando, kwa sababu betri iliyochoka itakuja kutaka pesa siku moja, ama itashusha bei yako ya kuuza. Umebaki na 5,500. Kama Leaf imezidi Vitz kwa laki tatu, itakuchukua miaka minne na nusu kurudisha. Kama bei ni sawa, unaokoa kutoka mwezi wa kwanza. Na kama ni mkopo wa sacco, weka riba hapo ndani kabla ujipigie makofi.

Ukiendesha kilomita 300 tu kwa mwezi, yaani wikendi na kanisa, baki na Vitz. Hiyo akiba haitafika popote. Ndai ya stima hulipa msee wa kuendesha kila siku, safari fupi zenye anazijua, na soketi mahali analala. Wa teksi za app mwenye nyumba yake Kitengela anaweza kucheka vizuri, mradi apange siku yake na chaji.

Kwa hivyo kabla uende kuangalia gari, shuka chini kwa parking saa hii, uone kama kuna soketi. Kama haiko, keateka anapatikana jioni. Ukimpata, muulize namba ya landilodi.