Ufa Ukutani: Lipia Uchunguzi Kabla ya Zege

Ufa ukitokea ukutani, anayeitwa kwanza ni fundi, naye huja kuangalia bure. Lakini anayeangalia bure hulipwa kazi ikipatikana, na kazi yenye fedha nyingi kuliko zote ni kufukua msingi na kumwaga zege jipya. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye uchunguzi. Mlipe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambaye matengenezo yenyewe hatayafanya yeye.

Kabla hujamwita, uchunguze ufa mwenyewe. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ufa usioipitisha mara nyingi ni wa plasta tu. Wataalamu wa majengo wa Uingereza huuhesabu ufa wa hadi milimita 5 kuwa mdogo, wa 5 hadi 15 kuwa wa wastani, na ukizidi 25 wanauita mbaya sana. Upana peke yake hautoshi, tazama na mwelekeo. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye maungio ya tofali, ukiwa mpana juu kuliko chini, mara nyingi unaonyesha kwamba ncha ya nyumba inazama. Ufa wa kwenye kona ya juu ya mlango huenda ni lenta dhaifu. Uliosimama wima pale chumba kipya kilipoungwa na nyumba ya zamani ni misingi miwili inayotua kwa nyakati tofauti, na zege la chini halitauponya.

Kisha tafuta maji. Funga mabomba yote usiku, soma mita, uisome tena alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Namba zikisogea, kuna bomba linalovuja, pengine chini ya jamvi. Angalia maji ya paa yanadondokea wapi, karo la choo liko umbali gani, na kama kuna mkaratusi karibu na ukuta.

Bei hutofautiana kati ya mji na mji, basi tupige hesabu kwa zege. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12. Kuizungushia sakafu ya nje yenye upana wa mita 1 na unene wa sentimita 10, ili maji ya mvua yasinywee kwenye msingi, ni zege mita za ujazo 4.8. Mita moja ya ujazo hula mifuko 6 hadi 7 ya saruji, kwa hiyo jumla ni mifuko 30 hivi, na gata juu yake. Kuongeza msingi chini ya kuta zote za nje, kwa kina cha mita 1 na upana wa sentimita 60, ni mita za ujazo zaidi ya 26, yaani mifuko 170 hivi, kabla hujalipa wachimbaji na mbao za kuegemeza kuta. Kama chanzo ni maji ya paa, hata mifuko hiyo 170 haitayazuia.

Kati ya njia hizo mbili kuna kazi ya siku moja ya kibarua ambayo watu wengi huiruka: kuchimba shimo moja jembamba kandokando ya msingi hadi uone mwisho wake. Hapo utajua kama chini ya tofali kuna zege au zimepangwa juu ya udongo mtupu, kama mizizi imeingia, na kama msingi umefika kwenye udongo mgumu au umeishia kwenye mfinyanzi mweusi. Udongo huo, wa mbuga za Shinyanga au wa Kitengela kule Kenya, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba hupanda na kushuka nao. Shimo lijazwe na kushindiliwa siku hiyo hiyo.

Nyumba ya juu ya udongo mweusi ipimwe masika na kiangazi. Chora alama ya penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe na upana. Ufa unaofunguka na kujifunga kwa misimu unahitaji udongo usiobadilika unyevu. Unaopanuka tu bila kurudi ndio unaoitia nyumba mashakani. Usisubiri msimu kama ukuta umeanza kuegemea upande mmoja au ufa umezidi milimita 25. Hameni chumba hicho leo, mhandisi aje kesho.

Akithibitisha kwamba msingi lazima uongezwe, dai makadirio ya maandishi yanayotenganisha vifaa na ufundi, na yanayotaja kina na urefu wa kila kipande. Uchimbaji hufanywa kwa vipande vya mita 1 hivi, visivyopakana, na kipande cha jirani hakiguswi mpaka zege la kwanza likaze. Fundi anayetaka kufukua upande mzima kwa siku moja, msimamishe: ukuta utabaki hauna cha kukalia.