Kamera ya kuvuta: parokia ya kijijini inunue ipi, na iitumie vipi?

Mama mmoja mjane kutoka kijiji cha Masisi alitujia na ombi moja tu: picha ya mume wake. Nyumba yao iliungua na vyote vilivyokuwa ndani, na watoto wadogo walikuwa wanaanza kusahau sura ya baba yao. Alikumbuka kwamba siku ya arusi yao kijana mmoja wa kwaya alipiga picha nyingi kwa simu. Tulimtafuta kijana yule, tukampata. Simu ilikuwa imenyang'anywa njiani zamani, picha zikaenda nayo. Hakuna mtu aliyekuwa amezikopi.

Tangu siku hiyo, wazee wa kanisa wakituuliza kwa nini wanunue kamera wakati karibu kila kijana ana simu, tunajibu hivi: simu ni ya mtu, kamera inaweza kuwa ya kanisa. Kijana akihamia Goma au akienda kutafuta kazi kwenye machimbo ya Walikale, ubatizo wa mwaka ule, paa la shule lililong'olewa na upepo na uso wa mchungaji aliyestaafu vinaondoka mfukoni mwake. Tena simu ikikaguliwa kwenye barieri, wanaona pia ujumbe wa WhatsApp, namba za watu na sauti zilizotumwa. Kamera haina hayo. Ina picha tu, ingawa picha nazo zinaweza kumletea mtu shida, na jambo hilo tutalirudia.

Tuanze na neno lenyewe. Wauzaji wanasema zumu, maana yake kuvuta kitu kilicho mbali kionekane karibu. Kuvuta huko ni kwa namna mbili, na asiyejua tofauti yake ndiye anayeuziwa vibaya.

Namna ya kwanza ni ya kioo. Ndani ya kamera mna vioo vidogo vinavyosogea mbele na nyuma. Ukibonyeza, unaona pua ya kamera ikitoka nje. Hapo kitu kinasogezwa karibu kwelikweli, na picha inabaki safi. Namna ya pili ni ya mashini peke yake. Kamera haivuti chochote: inakata kingo za picha, kisha inatanua kipande cha katikati kilichobaki. Ni kama kuongeza maji kwenye sombe. Sufuria inajaa, lakini sombe haikuongezeka. Simu nyingi za bei ndogo zinavuta kwa namna hii ya pili, na ndiyo maana mhubiri aliyepigwa picha kutoka nyuma ya kanisa anaonekana kama doa lenye mikono.

Kwenye katoni utaona namba mbili. Angalia ile iliyoandikwa karibu na neno optique, au optical kwa Kiingereza. Iliyo karibu na numérique au digital iache, hata kama ni kubwa. Mfano mmoja ni Kodak PIXPRO FZ45: inavuta mara 4 kwa kioo, ina megapikseli 16, na inatumia betri mbili za AA, zile ndogo za tochi na redio. Nyingine ni Nikon Coolpix B500, inayovuta mara 40 kwa betri nne za AA, lakini ni kubwa na siku hizi utaipata zaidi ikiwa imekwisha kutumika. Ndogo kama ile ya kwanza, ikiwa mpya, inauzwa nchi za nje kati ya dola 100 na 150 hivi. Ikifika kwetu, usafiri na forodha vimeongeza juu yake.

Mimi ningeshauri ile ndogo. Kuvuta mara 4 kunatosha kumpata mwimbaji ukiwa benchi la nyuma, au kuonyesha bati lililotoboka bila kupanda ngazi. Kamera yenye pua ndefu katika milima yetu inamfanya aliyeishika afanane na mpelelezi, na hakuna shemasi anayependa kueleza mbele ya watu wenye bunduki kwamba alikuwa anapiga picha ya kwaya.

Niseme ukweli pia juu ya udhaifu wake. Kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera hizi za bei nafuu hakizidi punje ya mahindi kwa upana. Jioni, au ndani ya nyumba yenye dirisha moja, simu mpya nzuri itaishinda. Na kadiri unavyovuta, ndivyo mwanga unaoingia unavyopungua na mtikisiko wa mkono unavyoonekana. Kwa hiyo fungua milango na madirisha ya kanisa kabla ya ibada. Egemeza kiwiko kwenye nguzo au kwenye benchi. Bonyeza kitufe nusu kwanza, ngoja kamera ilenge, ndipo umalizie. Usimweke mtu akiwa na dirisha mgongoni, atatoka mweusi kama kivuli. Na wakipigwa picha wenye ngozi nyeusi waliovaa nguo nyeupe, kama watu wetu wa ubatizo, kamera mara nyingi inadanganyika na weupe wa nguo, nyuso zinapotea. Tafuta alama ya + na – upandishe mwanga kidogo. Flashi ya kamera ndogo inafika mita 3 hivi, basi kuiwasha ukiwa nyuma ya kanisa ni kuharibu betri tu.

Kuhusu betri, hapa ndipo kamera ya AA inapotufaa. Betri za tochi zinauzwa hata kwenye soko la kijiji ambako umeme haujafika. Lakini zile za bei ya chini kabisa zinakufa upesi ndani ya kamera. Unaweza kuwasha, ukapiga picha chache tu, ikazima. Afadhali kununua betri nne za kuchajiwa pamoja na shaja yake, na kuzichaji pale wanapochaji simu kwa pano ya jua. Mbili zikiwa ndani ya kamera, mbili zinabaki akiba.

Vumbi la njia ya Sake kwenda Masisi na unyevu wa msitu wa Walikale ni maadui wawili tofauti. Vumbi linaingia kwenye ile pua inayotoka na kuingia, mpaka siku moja inakwama nje. Unyevu unaotesha ukungu juu ya kioo. Weka kamera ndani ya kopo lenye mfuniko unaoshika vizuri, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya katoni za viatu vipya. Mfuko wa plastiki peke yake hautoshi, maana unyevu ukiingia nao unafungiwa humo.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hujapiga hata picha moja, rekebisha tarehe na saa. Kamera nyingi zikikaa bila betri zinasahau tarehe, na picha ya mafuriko ya mwaka huu ikiandikwa mwaka mwingine inapoteza nguvu yake kama ushuhuda. Kadi ya GB 32 inabeba picha maelfu, na wingi huo ndio unaotulaza usingizi. Tunasema nafasi bado ipo, tutakopi baadaye. Kisha kadi inaharibika au inapotea. Kila mwezi picha zikopiwe kwenye kompyuta au flashi diski, na nakala moja ikae mahali pengine mbali na parokia. Vita vya miaka hii vimetufundisha kwamba ofisi ya kanisa inaweza kuachwa wazi kwa saa moja tu, na ukirudi hukuti hata daftari.

Sasa lile jambo la shida. Kamera si ngeni katika historia ya Waprotestanti wa Kongo. Mwezi wa 5 mwaka 1904, huko Baringa, mbali na sisi, kaskazini-magharibi, mwanaume mmoja aitwaye Nsala alifika kwenye misheni ya Congo Balolo Mission akiwa amebeba kitu ndani ya majani. Ulikuwa mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mke wa mmisionari, Alice Seeley Harris, alimwomba Nsala akae barazani akampiga picha. Picha ile na nyingine alizopiga zilionyeshwa katika mikutano Uingereza na Marekani, zikiangazwa ukutani kwa taa. Zilisaidia sana kuamsha watu mpaka mwaka 1908 mfalme Léopold II akalazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji Kongo aliyoitawala kama mali yake.

Ninaitaja picha ile kwa sababu moja. Kamera ya Alice haikuwa na kuvuta. Ilimlazimu asimame karibu na Nsala, aongee naye, amwombe akae. Nsala alijua kwamba anapigwa picha, na alijua ni nani anayempiga. Kamera yetu ya kuvuta inatuondolea ulazima huo. Unaweza kusimama kando ya barabara na kumchukua mama aliyebeba godoro kichwani, analia, bila yeye kukuona. Picha itatoka nzuri. Yeye hatajua kamwe kwamba uso wake umetumwa Goma, kutoka Goma ukaenda Ulaya, na kutoka huko ukarudi kwenye simu za watu wa kijiji alichokimbia, pamoja na wale aliowakimbia.

Wadeplase, kama tunavyowaita ndugu zetu waliohama kwa vita, wanapigwa picha kila siku na watu wa mashirika. Kanisa lisiwe mgeni mwingine mwenye kamera. Omba ruhusa kwa mdomo, katika lugha anayoielewa mwenyewe, na umwambie picha itaonekana wapi. Akikataa, msaada wake usipungue hata kilo moja ya unga. Mama au msichana aliyetendewa ubaya asipigwe uso, hata akikubali leo. Kesho anaweza kujuta, na picha haiitwi irudi. Piga mikono yake, au kitambaa anachoshona, au mgongo. Jina lake na la kijiji chake lisiandikwe pamoja na picha. Kwa mtoto, uliza mzazi au mlezi.

Tena kuna vitu ambavyo kamera ya kanisa haivilengi, hata kwa mzaha, hata kutoka mbali: askari na watu wengine wenye silaha, kambi zao, barieri, magari yao, madaraja yanayolindwa, machimbo ya Rubaya au ya Bisie. Ukiwa na kuvuta, umbali si kinga. Anayekuona umeinua kamera hajui ulikuwa unalenga nini, na hatakuuliza kwa upole. Kabla ya kupiga picha nje ya kiwanja cha kanisa, mjulishe chefu wa kijiji. Na kabla ya safari, toa kadi iliyojaa uiache nyumbani, usafiri na nyingine iliyo tupu.

Nani aishike? Nimeona parokia ambako kamera ilikaa kwa mchungaji, na mchungaji alipohamishwa ilihama naye, kila mtu akiona aibu kuuliza. Iandikwe kwenye daftari la mali ya kanisa pamoja na viti na ngoma. Wachaguliwe wawili, mmoja kutoka kwa wamama na mmoja kutoka kwa vijana, wajifunze wote wawili. Kuwe na daftari dogo la picha: tarehe, tukio, na kama ruhusa ilitolewa.

Na mara moja kwa mwaka, mtu akishuka Goma, apewe pesa kidogo za kuchapisha picha za arusi na za ubatizo kwenye karatasi. Familia ipewe moja, parokia ibaki na moja. Yule mama mjane hatukuweza kumsaidia. Mwezi uliopita alikuwa ameketi mstari wa mbele, binti yake wa kwanza alipobatizwa, na shemasi aliinama akamwuliza kama anapenda wapigwe pamoja. Alijifunga kitambaa vizuri kwanza.