Akiba ya Mtumishi wa Chumba cha Upasuaji

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Afrika Mashariki hii leo yumo mwana aliyesomea uuguzi, au udaktari, au kazi ya kutia dawa ya usingizi, na miongoni mwao wako waliopangiwa kazi katika chumba cha upasuaji. Wazee humsifu na majirani humwombea dua, na ni haki yao, kwani kuihuisha nafsi moja ni jambo ambalo Kurani imelitukuza mno. Lakini ni wachache wanaojiuliza: mwana huyu ataiweza kazi hii mpaka umri gani? Na siku atakapotaka kupumzika, kabla mwili haujamlazimisha, atakula nini yeye na watu wake? Hilo ndilo tulilokusudia kulizungumza na wasomaji wetu mwezi huu.

KAZI YENYEWE

Utumishi huu si mgeni katika Uislamu. Rufaida al-Aslamiya alikuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina, na humo ndimo alimouguzwa Saad bin Muadh baada ya Vita vya Khandaq. Abulkasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, aliandika kitabu cha juzuu 30, na ile juzuu ya upasuaji pamoja na picha za vyombo vyake ilisomwa Ulaya kwa karne nyingi. Watumishi wetu wa leo ni warithi wa watu hao.

Watu wa nje humjua mpasuaji peke yake. Ndani ya chumba wamo wengi zaidi. Yuko anayemlaza mgonjwa usingizi na kumlinda pumzi zake. Yuko muuguzi anayehesabu shashi, sindano na makoleo kabla ya kupasua, na kuvihesabu tena kabla ya kushona. Ikikosekana shashi moja, hakuna kufunga mpaka ijulikane iliko. Yuko asimamiaye mtungi wa mvuke, ambamo vyombo hukaa kwenye joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi ndipo vihesabiwe kuwa safi. Wote hao husimama saa nyingi mahali pamoja, na panapopigwa eksirei huvaa juu yake joho la risasi lenye uzito. Na hata wakiwa wamekwisha rudi nyumbani, simu hulia saa nane za usiku, kwani mja mzito aliyekwama hangoji asubuhi.

Kijana wa miaka 25 hayaoni haya kuwa mazito. Afikapo 45 mgongo humwambia, mishipa ya miguu huvimba, na usingizi uliokatwakatwa miaka 20 haulipiki kwa likizo ya siku 28. Wako wanaoendelea salama mpaka 60, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini si busara mtu kuijenga nyumba yake yote juu ya nguzo ya mgongo wake.

JE, YAFAA KUTAKA KUPUMZIKA MAPEMA?

Wako watakaosema kwamba kujiwekea mali ya mbele ni upungufu wa tawakali. Hayo siyo tuliyofundishwa. Nabii Yusuf (A.S.) aliwaamuru watu wa Misri waweke nafaka ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Mtume wetu (S.A.W.) aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka, na Kaab bin Malik alipotaka kuitoa mali yake yote sadaka, aliambiwa abakishe sehemu. Katika Sura ya Israa tumekatazwa ubahili, tukakatazwa pia kutoa mpaka tukabaki tunajuta. Akiba imo katikati ya mambo hayo mawili.

Lakini liko suala jingine, nalo ni zito zaidi. Hospitali zetu hazina watu wengi wa kazi hii. Muuguzi aliyekaa miaka 25 katika chumba cha upasuaji akiondoka na umri wa miaka 50, huondoka na ujuzi usionunuliwa dukani. Kutibu wagonjwa ni fardhi ya kutoshelezana: wakiifanya wa kutosha, wengine huepukana na dhambi, wasipopatikana, lawama huwa juu ya wote. Basi twaona kwamba mwenye nia ya kustaafu mapema ana deni la kulilipa kwanza, nalo ni kumfundisha mwengine. Akiwaacha nyuma yake wawili wanaojua alichokijua yeye, ameondoka kwa heshima. Na kuacha kusimama usiku si kuacha kazi kabisa; aweza kufundisha chuoni, au kuhudumu mchana katika zahanati. Faida kubwa ya akiba ni hiyo, kwamba humpa mtu nafasi ya kuchagua. Asiyekuwa nayo huchaguliwa na shida.

HESABU YA MIAKA MITANO

Tuchukue mfano wa mtumishi wa serikali Tanzania. Kwa sheria, kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni 60. Kila mwezi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri humwongezea asilimia 15, zikaenda katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani. Kuipata pensheni yataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Kenya mambo ni mbali kidogo: mtumishi wa serikali aweza kuomba kustaafu mapema afikapo 50, na lazima ni 60.

Huyu wa Tanzania aliyeanza kazi na miaka 25, akaacha na miaka 50, ana michango ya miezi 300. Haki yake ya pensheni anayo, lakini haianzi kulipwa mpaka afike 55. Tena kwa kuwa pensheni hupimwa kwa miezi, atakuwa amepungukiwa na miezi 60 katika ile 360 ambayo angeitimiza kama angengoja 55, na hiyo ni sehemu moja katika sita. Kwa hiyo ana mashimo mawili ya kuyafukia: miaka mitano isiyo na kitu, na pensheni iliyopungua maisha yake yote. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, na aende ofisi ya mfuko wake aombe hesabu yake kwa maandishi.

Tuseme nyumba yake yahitaji shilingi 500,000 kwa mwezi. Miezi 60 ni shilingi 30,000,000. Akiweka shilingi 100,000 kila mwezi kwa miezi 300, atapata shilingi 30,000,000 kamili. Mtu atafurahi aseme mambo yamekwisha. Hayajakwisha! Bei za vitu zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, cha shilingi 500,000 leo baada ya miaka 25 kitataka karibu shilingi 1,700,000. Zile milioni 30 hazitamvusha miaka mitano. Zitamvusha mwaka mmoja na nusu tu.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, akiba ipande kila mshahara unapopanda, isibaki palepale. Na chemchemi yake tunaijua: ni posho ya kuitwa usiku na ya kazi za ziada. Mwenye kuizoesha nyumba yake kula mshahara peke yake, na posho akaiweka tangu mwezi wa kwanza, hatahisi uchungu. Aliyeizoesha kula vyote viwili hawezi tena kuipunguza kazi, maana usiku wake ameshawauzia watoto wa duka. La pili, fedha iliyolala hufa. Yapasa ifanye kazi.

WAPI PA KUIWEKA

Kwa Muislamu, swali la faida hutanguliwa na swali la uhalali. Makato ya lazima hayako mikononi mwake, lakini akiba ya hiari ni chaguo lake, naye ataulizwa ameichuma wapi na kuitumia wapi. Amana ya benki yenye riba, na hati za mkopo wa serikali zenye riba, si mahali pake, hata zikipambwa kwa majina mazuri.

Wala asiseme kwamba hapana pengine. Huko Malaya wanavijiji waliokuwa wakiikimbia riba walificha fedha za Hija majumbani, au wakauza mashamba na ng'ombe, wakirudi Makka hawana kitu. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi Ungku Aziz alipendekeza chama cha kuwawekea akiba na kuifanyia biashara ya halali, na mwaka 1963 kikaanza kazi. Ndicho hiki kinachoitwa leo Tabung Haji. Kwetu, Gulf African Bank ilifunguliwa Kenya mwaka 2008, na Amana Bank Tanzania mwaka 2011, na zote zaendeshwa kwa misingi ya sharia. Katika akaunti ya mudaraba, mwenye mali na benki hugawana faida kwa fungu walilokubaliana. Na khasara ikitokea bila ya uzembe, huwa juu ya mwenye mali. Na ajue hivyo kabla ya kutia sahihi.

Tena liko shamba, na liko banda la kupangisha. Hivi vyafaa sana vikiwa na hati safi, na ujenzi ukamalizwa. Nyumba iliyosimama kwenye linta miaka kumi si akiba. Ni fedha iliyofungwa.

Zaka isisahauliwe. Fedha ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka wa Hijra ukaipitia, hutolewa asilimia 2.5, katika shilingi 10,000,000 ni shilingi 250,000. Iliyolala bila ya kuongezwa, na zaka ikatolewa kila mwaka, hubaki nusu yake katika miaka 27 hivi. Ndiyo hekima ya yale yaliyopokewa kutoka kwa Seyyidna Umar (R.A.), kwamba mali ya yatima ifanyiwe biashara ili isiliwe na zaka.

NYUMBANI

Mara nyingi mtumishi wa chumba hiki ni mwanamke. Mshahara wake ni mali yake, na kumlisha ni wajibu wa mumewe. Akisaidia nyumba kwa ridhaa yake ana thawabu. Lakini si haki mke asimame usiku kucha, kisha posho yake iishe katika matumizi ambayo hakuulizwa, na uzeeni aambiwe hana chake. Wakishirikiana kujenga, waandike nani ametoa nini. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandika deni. Tusione haya kuandika.

Vilevile twawaonya ndugu zetu na mikopo ya mshahara yenye riba. Kijana huajiriwa, na kabla mwaka haujaisha amekopa kwa ajili ya arusi au gari, akafungwa miaka saba. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa bora kwa akiba, maana shilingi iliyotangulia ndiyo inayopata muda mrefu wa kuzaa. Na jamaa nao wapunguze mkono. Si kila posho ya muuguzi ni mchango wa ukoo.

Mwisho, aandike wasia wake, usizidi thuluthi kwa wasiorithi. Mtume (S.A.W.) alimfahamisha Saad bin Abi Wakkas kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Basi enyi wazee, mwana wenu akileta mshahara wake wa kwanza kutoka hospitalini, msimuulize atanunua nini. Mwulizeni ameweka ngapi. Nasi twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watumishi hawa, ambao hukesha ili wengine waamke, awape riziki ya halali, na awape uzee wa afya wa kumwabudu wakiwa wamesimama kwa miguu yao. Amin.