Uji wa Maji Haumkuzi Mtoto
Mama mzazi, mwanao akitimiza miezi sita aendelee kunyonya, lakini maziwa pekee hayamtoshi tena. Unga ukipungua, wengi wetu huongeza maji. Mtoto hushiba, hulala, wala hakui. Tumbo lake ni dogo, na limejazwa maji.

Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi hadi uchipue. Kisha uanike na kuusaga. Hicho ndicho kimea, kile kile cha pombe! Pika uji mzito, upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea na kukoroga: utalainika pasipo maji. Uchemshe tena. Wataalamu wa lishe wa Tanzania walieneza ujuzi huu miaka ya 1980.

Ongeza karanga zilizosagwa. Baba naye asiseme ni ghali, ilhali kimea cha kilabuni hakimshindi bei.